Unataka kuprinti? Anza na karatasi, bei utauliza baadaye

Wengi wetu tukifika dukani kuprinti swali la kwanza ni "kadi moja shingapi?", fundi anakutajia bei ya karatasi aliyonayo pale pale, unakubali, unalipa advansi, imeisha hiyo. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwenye harusi ya mdogo wangu. Kamati ilinipa kazi ya kadi, nikachagua ile inayoitwa "ati kadi" (art card), kadi inayong'aa mpaka unaona sura yako, kadi 300, zikatoka bomba kabisa. Jioni katibu anakaa aandike majina kwenye vile vinukta, bolpeni inateleza tu haiandiki. Akachukua peni ya wino, ikaandika vizuri, ila alipozipanga moja juu ya nyingine wino wa hii ukahamia mgongoni mwa ile. Tukaishia kununua makapeni na kuzianika kadi kwenye mkeka sebuleni kama dagaa.

Kwa hiyo sasa hivi kabla ya kuuliza bei najiuliza kwanza hii karatasi ikishatoka kwenye mashine itafanywa nini. Itaandikwa kwa mkono? Itagongwa muhuri? Itakunjwa? Itakaa kwenye friji? Ukishajua hilo karatasi inajichagua yenyewe.

Sababu ya yale ya harusini ni hii: karatasi inayong'aa imepakwa unga laini wa madini, chokaa au udongo mweupe, vitundu vyake vimezibwa, wino unabaki juu juu, ndio maana picha inatoka na rangi kali. Bondi, yaani ile karatasi ya kawaida ya kuprintia na fotokopi, haijapakwa kitu cha namna hiyo, wino unazama kwenye nyuzi, rangi inapoa kidogo lakini peni na muhuri inavipokea bila shida. Na usidanganyike na ile mati isiyong'aa, mara nyingi nayo imepakwa, ukiigonga muhuri wa kawaida inaweza kuchafuka vile vile. Kama unataka picha kali na pia sehemu ya kuandika jina na kuweka tiki kwenye singo au dabo, omba kadi iliyopakwa upande mmoja tu, picha mbele, maandishi ya mkono nyuma. Ukiongeza laminesheni, yaani ile nailoni nyembamba ya kufunika juu, ipigwe upande wa picha peke yake.

Tuje kwenye gsm maana hapo ndio watu wanapigwa. Ni uzito wa karatasi kwa gramu kwenye mita moja ya mraba, basi. A4 kumi na sita ndio zinatimiza mita moja ya mraba, kwa hiyo A4 ya gsm 80 ina gramu 5, na rimu yake ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu. Ukiwa na wasiwasi weka rimu kwenye mzani wa duka la jirani, ikisoma kilo 2.2 hivi ujue umeuziwa gsm 70 hata kama kwenye pakti wameandika 80. Tofauti utaiona ukiprinti pande mbili, maandishi ya nyuma yanachungulia mbele.

Kwa makadirio yangu, barua na fomu 80 inatosha, vipeperushi 130 mpaka 150, bango la ukutani 150 au 170, bizinesi kadi na kadi za mwaliko 300 kwenda juu. Ila gsm sio unene moja kwa moja. Karatasi ya kung'aa inakandamizwa sana kiwandani, kwa hiyo "ati pepa" (art paper, karatasi ya kung'aa) ya 150 unaweza kuishika ukaona nyembamba kuliko bondi ya uzito huo huo. Usiagize kwa namba tu, omba kipande ukishike.

Kukunja nako kuna mambo. Nyuzi za karatasi zinalala upande mmoja, kama mbao vile, ukikunja kwa kufuata nyuzi mkunjo unatoka laini, ukikunja kwa kuzikatisha hizo nyuzi, kadi nzito inapasuka na rangi inabanduka unaona mstari mweupe katikati. Chukua kipande ukikunje huku na huku, mwenyewe utaona. Na kadi ya 300 usikubali ikunjwe kwa mkono bila kukriziwa, yaani ipigwe kwanza kale kamstari ka kukandamiza pale pa kukunjia.

Vitabu vya risiti vyenye nakala vingi ni vya NCR, karatasi inayojinakili yenyewe bila kuweka kaboni katikati, hapo huna cha kuchagua sana zaidi ya nakala mbili au tatu na rangi zake. Angalia tu zimepangwa kwa mpangilio sahihi, andika kwenye ya juu uone kama ya chini inatoka, maana ikigeuzwa hakuna kinachohamia. Stika za chupa za asali au juisi zichukue za plastiki, za karatasi zikikutana na jasho la friji zinalowana na kuchanika.

Kwa anayeprinti nyumbani: karatasi ya picha ya printa za wino usiiweke kwenye leza. Leza inayeyusha unga wake wa wino (tona) kwa joto, ile ngozi ya juu ya karatasi ya picha inaweza kuyeyuka ikanata humo ndani, na fundi atakutajia bei ya kukaribia printa mpya. Halafu huku kwetu pwani unyevu ni mwingi, rimu ukishaifungua ifunge tena kwenye mfuko, ikivuta unyevu inajikunja na kukwama kila saa.

Siku ya kwenda dukani beba peni utakayotumia na muhuri kama upo, omba kipande cha karatasi yenyewe, andika, gonga, subiri dakika moja, pitisha kidole. Ikikubali sasa ndio uulize bei. Na agiza kadi 10 au 15 za ziada, maana kila harusi kuna mjomba mmoja lazima jina lake likosewe.