Kabla hujaita ukoo mzima kula Idi kwako

Kama mwaka huu zamu ya kulisha ukoo imekuangukia wewe, soma haya sasa, usisubiri usiku wa mwandamo. Mimi nakaa Tabata, Dar es Salaam. Nimeshapokea watu wa Idi hapa nyumbani mara sita, na kila mara hawapungui ishirini. Mara ya pili, shangazi yangu alilazwa hospitali kwa chakula nilichokipika kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa hiyo nikikuamrisha kidogo, nivumilie.

Anza na hesabu ya watu. Usihesabu uliowaalika, hesabu watakaokuja. Binamu atakuja na rafiki yake, mpangaji wa nyumba ya pili ataitwa na watoto, na hutamfukuza mtu siku ya Idi. Ongeza watano juu ya hesabu yako. Mchele kilo moja mimi naupigia walaji saba wa pilau, na watoto wawili nawahesabu mmoja.

Vitu vikavu nunua kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani: mchele, mafuta, viungo, vitunguu, viazi, tambi, sukari. Ukisubiri uende Kariakoo au Ilala siku mbili kabla ya Idi, utanunua kwa bei yoyote utakayotajiwa, na utarudi na mizigo kichwa kinauma na saumu bado iko mdomoni. Kuku waagize mapema. Nyama, ongea na mwenye bucha wako siku tatu kabla, mwambie kilo ngapi na sehemu gani, na umwachie hela ya kutangulia. Ahadi ya mdomo asubuhi ya sikukuu haina nguvu mbele ya mtu aliyekuja na pesa mkononi.

Gesi: kuwa na mitungi miwili, hata kama wa pili ni ule mdogo wa kilo 6. Kujua kilichobaki, mwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi halafu pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Utakapokuta pamebaki baridi, gesi imefika hapo. Mkaa nao uwepo. Umeme wa LUKU ongeza siku mbili kabla, usingoje usiku ambao mji mzima unanunua. Jaza tanki la maji, na pipa moja liwe chooni.

Na mvua usiisahau. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa kawaida, ndiyo maana Idi inarudi nyuma kila mwaka, na miaka hii inaangukia Machi na Aprili, masika yanapoanza. Ukikodi viti ishirini bila turubai, umekodi viti vya kulowana. Waulize wageni wanatokea wapi. Mvua kubwa ikipiga, Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa, na anayetoka upande wa mjini kuja kwako anaweza kukaa njiani mpaka alasiri. Mtengee chakula chake mapema, usije ukampa ukoko.

Sasa nifike kwenye mwezi.

Mwaka ule ilikuwa Ramadhani ya ishirini na tisa, na mtaa mzima ulikuwa na uhakika kwamba kesho ni Idi. Simu zilikuwa zinaleta ujumbe kila dakika, umeonekana huku, umeonekana kule. Mimi nilitaka asubuhi ya Idi nipumzike. Nilitaka nirudi kuswali, nivae, nikae na wageni kama mtu, nisiwe yule mama anayesalimia watu kupitia dirisha la jikoni. Kwa hiyo baada ya alasiri nikabandika rosti ya nyama, kilo nane, kwenye sufuria kubwa nililoazima kwa jirani. Kitunguu kikaiva vizuri, nyanya zikakauka, tangawizi na kitunguu saumu vikanukia hadi barazani. Saa kumi na mbili nikaepua, adhana ikaita, tukafuturu.

Saa tatu usiku Mufti akatangaza. Mwezi haujaonekana, tunakamilisha thelathini.

Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Friji ilikuwa imejaa hadi mlango unafungwa kwa goti: kuku waliotiwa viungo, ndoo mbili za juisi ya ukwaju, maziwa, nyanya. Sufuria lile lisingeingia hata ningetoa rafu zote. Nikasema nitakuwa naichemsha tu, itakaa. Mama zetu si walikuwa wanachemsha? Nikafunika, nikaweka kitambaa juu ya mfuniko, nikaenda kulala.

Saa ya daku nikaipasha. Nikafunika tena. Mchana ule joto lilikuwa la kukaa na feni usoni, na sufuria likakaa pale pale juu ya jiko. Nilikuwa nimefunga, siwezi kuonja, nikafunua na kunusa tu. Ilinukia vizuri. Jioni nikaipasha tena. Asubuhi ya Idi, baada ya swala, nikaiwasha kwa mara ya mwisho. Pembeni ikaanza kutoa mapovu, nikageuza mara mbili, mlangoni watu wakapiga hodi, nikazima. Katikati ya sufuria, naamini sasa, ilikuwa vuguvugu tu. Saa nane tukapakua.

Kila mtu aliisifu. Shangazi yangu, zaidi ya miaka sabini na ana presha, aliongeza mara mbili.

Saa nne usiku kaka yangu akapiga simu, tumbo linamkata. Baada yake wifi yangu. Hadi saa saba usiku nilikuwa nimepigiwa kutoka nyumba nne, jumla watu kumi na mmoja, wote hadithi moja: tumbo la kukata, kuharisha maji matupu, kutapika hakuna. Waliokula kuku peke yake hawakuumwa hata mmoja.

Shangazi tulimfikisha hospitali alfajiri. Alikuwa amejifunga ile kanga yake mpya ya Idi, bado ngumu kwa wanga wa dukani, na imelowa. Nesi alimbana ngozi ya mgongo wa kiganja ili aone kama mwili umeishiwa maji. Ngozi ikabaki imesimama pale, kama kitambaa kilichofinywa, haikurudi. Wakamwekea dripu. Daktari hakunifokea. Aliniuliza swali moja: hiyo nyama ilipikwa lini, na saa ngapi? Nikahesabu kwa vidole mbele yake. Kutoka saa kumi na mbili jioni ya ishirini na tisa mpaka saa nane mchana wa Idi ni saa arobaini na nne.

Akanieleza, na nakueleza wewe kama nilivyoelewa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini baadhi yao huacha mbegu ambazo moto wa jikoni hauziui. Chakula kinapoanza kupoa, mbegu zile zinaamka. Zinapenda joto la uvuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60, na sufuria kubwa lenye rosti nzito linapoa polepole sana. Juu unaweza kuhisi limepoa wakati katikati bado ni vuguvugu. Nikilifunika na kitambaa, nimezitandikia godoro. Kila nilipopasha bila kuchemka kote, nilizirudishia joto lake zuri. Na harufu haisemi kitu. Chakula kilichochacha utakijua kwa pua, lakini hiki kinaweza kunukia vizuri hadi kijiko cha mwisho. Tena kuna vijidudu vingine, hasa vya kwenye wali uliolala nje, ambavyo sumu yake haiondoki hata ukichemsha upya. Ndiyo maana wali wa jana uliokaa mezani usiku kucha haufai kupashwa asubuhi ukapewa watoto, hata kama kwenu ndivyo mlivyolelewa. Kwetu pia tulilelewa hivyo.

Shangazi alilazwa siku mbili, akapona, alhamdulillah.

Tangu hapo nina masharti yangu na sivunji. Sipiki kitu chenye nyama kabla mwandamo haujatangazwa. Kazi ya kabla ni ile inayoweza kungoja: kuchambua mchele, kumenya na kusaga kitunguu saumu na tangawizi, kukaanga vitunguu vya pilau, kuosha vyombo, kukata nyama na kuitia viungo ikiwa mbichi, ikae kwenye friji au friza. Hiyo ndiyo inayochosha, na ikishaisha, kupika kwenyewe asubuhi ni kazi ya saa tatu tu. Friji uipange kabla. Soda na juisi zitoke humo, ziende kwenye ndoo yenye barafu, friji ibaki kwa nyama.

Ikibidi kupika usiku, usiache sufuria likapoa lenyewe. Pakua kwenye mabakuli mapana, chakula kisizidi kina cha vidole vinne, yakalishe kwenye beseni la maji yenye barafu, koroga, na ndani ya saa mbili yawe kwenye friji. Kwa joto letu la Dar, likipita nyuzi 32, hesabu saa moja. Ukipasha, pasha mpaka kitokote katikati, si pembeni, na pasha kile mtakachokula muda ule tu. Kisu na ubao wa kuku mbichi visiguse kachumbari. Kachumbari yenyewe ikatwe ya mwisho kabisa, watu wakishanawa.

Weka na pakiti za ORS nyumbani, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, si kwa Idi tu. Pakiti moja maji safi lita 1. Ukikosa, vijiko vidogo 6 vya sukari, bapa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita hiyo hiyo. Mzee au mtoto mdogo akiharisha maji, mwanzishie hapo hapo na uende hospitali, usisubiri kupambazuke kama nilivyosubiri mimi.

Jambo jingine lililonipa nafuu kuliko yote: siku hizi naita watu Idi pili. Sikukuu ni siku mbili, zitumie. Idi mosi ni tambi, chai ya maziwa, kaimati, na kila mtu kwake. Idi pili ndiyo pilau la ukoo. Mwezi umeshajulikana, na bucha zimetulia. Tena kwetu kuna shemeji wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani, wanakula Idi siku moja mbele yetu. Zamani walikuwa wanafika wakiwa wameshashiba sikukuu yao, na maneno yanaanza. Sasa kwa upande wao ni Idi tatu, hakuna anayemwuliza mwenzake alifungua lini.

Wenye sukari watengee juisi isiyotiwa sukari na useme wazi ipo jagi gani. Wenye presha, mchuzi wao uchote kabla hujamaliza kutia chumvi. Watoto wale kwanza. Wagawie mawifi na wadogo zako kazi kwa majina, wewe chapati, wewe matunda, wewe vyombo, maana ukisema "mnisaidie" watasaidia wote kukaa. Na dada wa kazi naye ana mama yake na ana Idi. Mpe nguo, mpe nauli, na mwache aende hata nusu siku. Nyumba ambayo watu ishirini wanakula na binti mmoja anaosha masufuria mpaka saa tano usiku, hiyo sikukuu inamuumiza mtu.

Jiko la mkaa likae nje, mbali na turubai, na usiliingize ndani hata mvua ikinyesha, hewa yake ya sumu inaua watu waliolala. Karai la mafuta ya kukaangia lisiwe njia ya watoto wanaokimbizana na nguo mpya. Funga mlango wa nyuma, sikukuu ni siku ya wezi pia. Na wakati wa kufungasha, usimpe mtu nyama saa kumi na mbili jioni bila kumwuliza anaelekea wapi. Akikwambia anapitia Mbagala kusalimia, halafu Temeke, ndiyo aende nyumbani, mpe kaimati na matunda. Nyama ibaki kwenye friji yako, atume bodaboda kesho.