Hilux iliyoinuliwa: uiache yadi ya magari na kuongeza hela, au ubaki nayo?

Shemeji yangu ana Hilux Vigo dabo kebini, injini ya 3.0 D-4D. Kwa miaka minne ilikuwa ikipeleka vifaa kambini upande wa Engare Sero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, na huko ndiko ilikogeuzwa: ikapandishwa inchi 2, ikavishwa matairi ya 285/75R16, snoko (bomba la kuvutia hewa juu, maji yasiingie injini), winchi (mashine ya kamba ya kujivuta ukinasa), bampa la chuma, keria na betri ya pili. Sasa kazi imehamia Arusha mjini, mtoto wa pili amezaliwa, na dada yangu amechoka kupanda gari kama anapanda mwembe.

"Shem, nipeleke yadi," akaniambia. "Naliacha hili, naongeza hela, nachukua Harrier Anaconda."

Nikamwambia asubiri. Mimi ni fundi, magari ya namna hii ndiyo yanayonilisha, na nimeona watu wengi wakitoka yadi wamefurahi, halafu jioni wakikaa na kalamu furaha inaisha. Hivi ndivyo tulivyokwenda.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Chukua miezi 12 iliyopita. Andika siku ambazo ulihitaji kweli fowili ya gia nzito (magurudumu yote manne yakivuta kwa gia ya chini), yaani bila hiyo usingefika. Shemeji alipata siku 6, nne kati ya hizo akienda kwao wakati wa masika. Zikivuka 30, funga ukurasa huu, baki na gari lako, ufanye sevisi. Chini ya 10, endelea. Katikati hapo utaamua mwenyewe, mimi simo.

Hatua ya 2: Tenganisha gari na vitu vyake

Kosa la kwanza la kila mwenye gari la porini ni kujumlisha: nililinunua kwa kiasi hiki, nikaweka springi kwa kiasi hiki, winchi kiasi hiki, basi thamani yake ni jumla. Mtu wa yadi hajumlishi, anatoa. Yeye anamfikiria mteja wake wa kesho, ambaye anataka gari kama lilivyotoka kiwandani. Akiona limenyanyuka, kichwani anasoma neno moja: limeteswa.

Kwa hiyo gawanya vitu mafungu mawili. Kuna vinavyofunguka na kuuzika: winchi, keria, hema la juu, betri ya pili, taa, matairi yakiwa na meno. Na kuna visivyorudi: tundu la snoko kwenye fenda, plastiki zilizokatwa ili tairi lisiguse, vipande vilivyochomelewa kwenye chasisi. Hesabu ya ufundi usiiweke kabisa, hiyo ilishaliwa.

Vinavyofunguka wauzie madereva wa utalii, na uuzie Arusha. Wanajua wanachokitazama. Kwa uzoefu wangu utapata kati ya robo na nusu ya uliyolipa, na yadi watakupa sifuri. Snoko iache mahali pake. Gari lenye snoko linauzika, gari lenye tundu kwenye fenda linatia shaka.

Hatua ya 3: Ingia chini yake wewe kwanza

Osha chasisi, kisha pita na tochi. Tazama nyufa karibu na vishikio vya springi na nyuma ya kebini, hasa kama ulikuwa unabeba mzigo mzito nyuma ya ekseli kwenye barabara yenye mawimbi kama bati. Fungua mafuta ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli: yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yaliingia ulipovuka mto. Tazama raba za siviijointi za mbele, vile viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu. Gari likiinuliwa, shafti hukaa kwa pembe kali na raba hupasuka mapema. Chochote utakachokiona, mtu wa yadi atakiona pia, na atakitoza mara mbili.

Hatua ya 4: Kilometa zako zinadanganya

Hili wengi hawalijui. Vigo ya shemeji ilikuja na matairi ya 265/70R16, yenye kipenyo cha milimita 777 hivi. Yale ya 285/75R16 yana 834. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini dashibodi haina habari. Tofauti ni kama asilimia 7: ikionyesha 60,000 tangu ubadilishe, umetembea karibu 64,400. Ndiyo sababu pia shemeji alikuwa anakamatwa na tochi ya trafiki pale pa 50 huku akiapa kwamba alikuwa 48. Alikuwa zaidi ya 51. Mnunuzi akiuliza, mwambie hesabu hiyo. Anayejua magari atakuheshimu, asiyejua hataelewa, basi hakuna hasara.

Hatua ya 5: Rudisha springi za kiwandani (hapa kaa vizuri)

Kama springi zako za zamani unazo, zirudishe kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Kama huna, tafuta zilizotumika. Usinunue mpya kwa gari unaloliuza.

Mbele ni kazi ya kawaida, ila baada yake alaimenti ni lazima. Nyuma ndipo palipotula siku nzima.

Kwanza pini za springi. Zimekaa miaka kwenye vumbi na matope, zimeshikana na bushi (raba za kwenye matundu yake) kama ndugu. Mafundi wengi wanakimbilia kuchoma kwa gesi. Mimi sikubali: pale pana paipu ya breki, na tangi haliko mbali. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, asubuhi mwagia tena, kisha tumia spana ndefu na uvumilivu. Ikikataa kabisa, kata kwa grainda na uweke pini mpya. Na bunduki ya upepo isikaze yubolti zangu, yaani bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Kaza kwa mkono, kwa zamu, pembe kwa pembe, umalizie kwa spana ya kupimia.

Pili, nati za bushi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Shusha magurudumu chini, litikise likae, ndipo ukaze. Ukikaza likining'inia, bushi zinajisokota mara likishuka, na haichukui muda zinachanika.

Tatu ndiyo iliyotutoa jasho. Tulimaliza saa nane mchana, nikaliingiza barabarani kulijaribu. Nikagusa breki kwenye changarawe yenye unyevu, matako ya gari yakataka kunipita. Nikarudi. Tukafungua madramu ya nyuma, tukapiga msasa brekishuu. Bado. Nikasema ina upepo, tukatoa upepo mara tatu. Bado. Shemeji akatumwa dukani kuleta silinda ndogo za magurudumu, tukafunga. Bado! Saa moja usiku nimelala chali na tochi mdomoni, ndipo nikakiona: kipande cha chuma cha urefu wa kidole, kimefungwa kwenye ekseli.

Kwenye chasisi, juu ya ekseli ya nyuma, pikapu nyingi zina valvu ya breki inayopima mzigo. Ina fimbo iliyoshikwa kwenye ekseli. Ukipakia mzigo, bodi inashuka, fimbo inasukumwa juu, na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, na nguvu inapunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Sasa aliyeinua gari lile alikuwa fundi makini: aliongeza kile kipande ili fimbo irudi kimo chake cha awali. Sisi tukarudisha springi, tukakisahau. Valvu ikaamini gari limebeba tani nzima, nalo halina hata gunia.

Tulikitoa kwa dakika kumi. Fedha ya zile silinda haikurudi.

Na geuza hadithi hiyo: kama gari lako liliinuliwa na hakuna aliyeigusa fimbo, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Breki za nyuma zinalegea na pedi za mbele zinaisha haraka. Kwa hiyo hata ukiamua kubaki nalo, lala chini leo uitazame. Baada ya kilometa 500 kaza tena yubolti.

Hatua ya 6: Yadi, uliza tofauti tu

Nenda yadi tatu, gari likiwa safi na injini baridi. Usiulize "langu mnalichukua kwa bei gani", maana hapo ndipo wanapokupaka mafuta. Uliza: naacha hili, nachukua lile, naongeza kiasi gani?

Yadi ya kwanza walimwambia Hilux yake milioni 30, Harrier yao 58. Akatabasamu mpaka masikioni. Yadi ya pili wakasema yake 26, yao 52, akataka kununa. Harrier zilikuwa za mwaka mmoja, hali moja. Kwa wa kwanza anaongeza milioni 28, kwa wa pili 26. Yule aliyemsifia gari ndiye aliyemtoza zaidi. Ya tatu hawakutaka kabisa gari lililowahi kuinuliwa, na nawashukuru kwa kusema ukweli mapema.

Kisha weka bei ya mnunuzi wa moja kwa moja pembeni. Mfugaji mmoja wa Monduli alitoa 34 taslimu, baada ya wiki saba za simu za madalali. Milioni 8 zaidi kuliko yadi ya pili, na vitu tumeshauza kando. Kwa wiki saba, shemeji aliona inafaa. Wewe kama ada ya shule inakudai Jumatatu, yadi si dhambi.

Hatua ya 7: Kadi

Hakikisha namba ya injini na chasisi, pamoja na rangi, zinalingana na kadi. Ulibadilisha injini au rangi bila taarifa TRA? Lisafishe hilo kabla ya kutangaza bei. Kama una bima kubwa, ongea na kampuni yako kabla ya kukabidhi.

Na uhamisho wa jina usimalizwe kwa "tutaonana wiki ijayo", iwe yadi au mtu binafsi. Mfugaji wetu aliondoka na gari Ijumaa, kadi bado ina jina la shemeji. Jumatano tukaangalia namba ya gari kwenye mfumo wa madeni ya trafiki: mwendo kasi, Makuyuni. Tukampigia akacheka sana, akasema dashibodi ilisoma 48. Matairi makubwa alikuwa ameyanunua kwetu kando, ameyafunga tena.