Ukitaka kufanya riviu ya diski ya prikweli ya kutisha, soma hapa kwanza

Wenzangu mnaopenda muvi za kutisha, juzi mdogo wangu alioko Pemba kanitumia riviu yake niipitie, kaandika diski ya The Thing ya mwaka 2011, prikweli ya muvi ya 1982 yenye jina hilo hilo. Kaandika vizuri mashaallah, ila mwanzo mpaka mwisho kanihadithia muvi tu, diski yenyewe hata mstari mmoja hamna. Nikampigia nikamwambia sasa mtu anotaka kutoa pesa yake anunue hii diski umemsaidia nini? Basi nlomwambia yeye nayaweka na hapa.

Kwanza iangalie tena ile muvi ya zamani, usitegemee unavyoikumbuka. Prikweli inatoka baadae lakini inahadithia yalotokea kabla ya ile ya zamani, kwahio mwisho wake unajulikana, na bado inatakiwa itishe. Sisi Wazanzibari hili hatuhitaji kufundishwa, mwaka 1995 ilipozuka khofu ya popobawa, lile shetani la usiku, Pemba ikafika mpaka Unguja watu wakawa wanalala nje, na mpaka leo mtu akikuhadithia, hata kama umeshaisikia mara mia, unasogeza mgongo ukutani. Kwahio usiniandikie "haitishi kwa sababu mwisho naujua", niandikie imekutisha wapi japo unaujua.

Tuichukue hio hio ya 2011, aloongoza Matthijs van Heijningen. Kwenye ile ya John Carpenter ya 1982 Wamarekani wanafika kambi ya Wanorwei kule Antaktika wanakuta imeungua, shoka limenasa pale pale lilipopigwa, mtu kaganda kwenye kiti kajikata mishipa ya mikono, na maiti iloungua ina nyuso mbili zimeshikana. Hakuna anowaeleza kitu. Ya 2011 imekuja kukuonesha kila kimoja kimefikaje pale, na hapa ndo diski inaishinda sinema kwa mbali, kwa sababu rimoti unayo wewe. Shoka likinasa, simamisha. Kuna mtu anataka kulichomoa anaambiwa aliache, rudisha nyuma uone tena, halafu toa diski, weka ya zamani, litafute shoka lile lile. Kaa na daftari, andika dakika. Riviu yenye dakika ndani yake mtu anaiamini.

Sasa picha, na hapa nakaa kidogo maana muvi ya kutisha ni giza. Angalia usiku baada ya isha, zima taa zote, funga pazia, halafu ingia kwenye setingi za tivii utoe ule mpangilio wa rangi kali uweke wa sinema. Kisha tafuta mtu alovaa koti jeusi kasimama gizani: unaona mikunjo ya koti, unaona nywele zinapoishia na usiku unapoanza, au yote yamekuwa doa moja jeusi? Angalia na mwanga wa tochi ukutani, ukiona umekatika miduara miduara badala ya kufifia taratibu basi picha imebanwa vibaya ili ienee kwenye diski. Lakini kabla hujalaumu weka diski nyengine unayoijua ni nzuri. Mie nshawahi kuandika kuwa diski fulani giza lake limeharibika, kumbe taa ya jikoni ilikuwa inawaka na tivii iko kwenye rangi kali, ikabidi nirudi niwaombe radhi watu, na wengine walikuwa washaacha kuinunua kwa maneno yangu. Liliniuma sana lile.

Sema pia umeangalia ipi, DVD ya PAL (mfumo wa picha wa DVD za kwetu) ni nukta 720 kwa 576 na Blu-ray ni 1920 kwa 1080, si sawa hata kidogo. Na zoni, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imefungiwa ichezwe huko tu: DVD za kwetu ni zoni 5, Uingereza 2, Marekani 1, ila kwenye Blu-ray sisi na Ulaya tuko B na Marekani A. Mtu akiletewa zawadi kutoka Marekani deki ikaikataa diski haijaharibika, mwambie mapema. Na muvi hii ya dakika 103 kwenye DVD ya PAL inaisha kwenye 99 hivi, hawajakata kitu, PAL inakwenda fremu 25 kwa sekunde badala ya 24.

Sauti: zima feni. Kama huna spika za nyuma usiandike habari za spika za nyuma, vaa hedifoni useme umevaa hedifoni. Wanapoongea Kinorwei angalia na tafsiri za chini zinasomeka au zinapotea kwenye theluji.

Nyongeza usiziruke. Kuna maoni ya muongozaji na produsa Eric Newman, wanaongea juu ya muvi huku inakwenda, yasikilize yote hata kama yanachosha. Na jiulize kipi hakikuoneshwa, maana madude ya muvi hii yalitengenezwa kwa mikono na kampuni ya Amalgamated Dynamics, kazi kubwa kweli kweli, halafu mengi yakafunikwa na picha za kompyuta. Mnunuzi ana haki kujua kama diski inamuonesha kazi ile au imempitisha pembeni.

Mwisho toa maksi mbili, ya muvi mbali na ya diski mbali, maana muvi dhaifu inaweza kuwa na diski nzuri sana.

Na majina yakianza kupita usizime! Hapo katikati ya majina ndo helikopta inaondoka kumfukuza mbwa kwenye theluji. Ukimaliza weka diski ya 1982 hapo hapo, mbwa huyo bado anakimbia.