Triathloni ya kwanza pwani: pesa iende wapi, baiskeli ikaguliwe vipi

Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, na saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Anayeanza aanze na ile fupi: mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli, kilomita 5 kwa miguu. Mtu mzima mwenye afya, anayejua kuelea na kupiga mikono kidogo, huifikia kwa wiki 12 akijitolea saa nne hadi sita kila wiki. Masafa ya Olimpiki, yaliyoingia kwenye Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hayo. Ukifika hapo ndipo ufikirie safari ndefu zaidi, kama zile za kilomita 1.9, 90 na 21.1 zilizoanza Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, mwaka 2022. Ada za mashindano ya aina hiyo ni mamia ya dola, mbali na nauli na usafirishaji wa baiskeli. Kwa hiyo usizilipie kabla hujajua kama mchezo wenyewe unaupenda.

Wengi huanza na duka la baiskeli. Hutoa akiba yote, kisha wiki ya tatu hugundua kwamba hawawezi kuogelea mita 100 bila kushika ukuta. Baiskeli inabaki ukumbini na mchezo unaishia hapo. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, lipia mwalimu wa kuogelea.

Pesa kwa mpangilio

Habari njema kwa mtu wa pwani ni kwamba kifaa kimoja cha gharama kubwa kinatoka kwenye orodha chenyewe. Hilo ni vazi la mpira la kuogelea, ambalo Ulaya wengi hulazimika kulinunua. Kanuni za kimataifa haziwaruhusu wasio wa kulipwa kulivaa kwenye masafa ya hadi mita 1,500 maji yakiwa na nyuzi joto 22 au zaidi. Bahari ya Hindi kutoka Mombasa hadi Mtwara huwa kati ya 25 na 30. Ungelivaa ungepikika.

Bei zifuatazo ni makadirio ya maduka ya mtandaoni kabla ya usafirishaji na ushuru. Miwani ya kuogelea ni dola 15 hadi 25. Ijaribu bila kufunga mkanda: ibandike usoni kwa kuibonyeza tu, na ikishika sekunde mbili tatu basi inakutosha. Chukua yenye vioo vya giza, kwa sababu mashindano huanza jua likichomoza, na ukielekea mashariki hutaliona boya.

Helmeti ni dola 40 hadi 60, na hiki ndicho kitu pekee ambacho hatukubali kikinunuliwa mtumba. Povu la ndani likishapata pigo hupasuka mahali pasipoonekana, na halitakulinda mara ya pili. Tafuta alama ya EN 1078 au CPSC, yaani viwango vya usalama vya Ulaya na Marekani, kwenye lebo ya ndani. Ikae vidole viwili juu ya nyusi.

Viatu vya kukimbia huenda ulivyo navyo vinafaa. Soli huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800, na dalili yake ya kwanza ni maumivu ya muundi au kisigino siku moja baada ya mbio. Nguo maalumu ya kipande kimoja ni dola 60 hadi 120, lakini kaptula ya baiskeli yenye sifongo nyembamba na fulana ya kubana zinatosha kabisa. Mkanda wa kushikia namba yako ya mashindano usinunue. Mwendee fundi cherehani akukatie lastiki pana ya kiuno, weka pini mbili, na namba utaigeuza nyuma ukiwa kwenye baiskeli na mbele ukikimbia. Lastiki nyembamba badala ya kamba za viatu nayo itakuokolea muda unapobadilisha.

Saa ya GPS, usukani wa kulalia, rimu za kaboni na pedali za kunasa na viatu vyake (dola 120 hadi 200 kwa pamoja) vyote vingoje. Kwenye kilomita 20 za barabara yenye matuta na bodaboda, matairi mazuri na breki zinazoshika vina faida kubwa kuliko hivyo vyote.

Baiskeli ya mtumba: kagua kabla hujatoa pesa

Baiskeli mpya ya barabarani ya daraja la chini ni dola 800 hadi 1,200. Ya mtumba, iliyoshushwa kwa kontena kutoka Ulaya au Japani, hupatikana kwa sehemu ndogo ya hizo, na kwa mbio fupi ni chaguo zuri. Tatizo ni kwamba nyingi ziliuzwa huko kwa sababu fulani, na sababu hiyo ni juu yako kuigundua.

Anza na namba iliyo ubavuni mwa tairi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hunaswa. Unatafuta namba inayoishia 622, kwa mfano 25-622 au 28-622, inayoitwa pia 700C. Hiyo ndiyo saizi ambayo tairi zake za mbio zinapatikana duniani kote. Baiskeli za zamani za mbio huja na 630, ambayo muuzaji huiita "inchi 27". Tofauti ni milimita 8 tu kwa macho, lakini tairi ya 622 haingii kwenye rimu hiyo. Baiskeli nyingi za mjini za Kijapani zina 590. Baiskeli zetu za breki za vyuma, aina ya Phoenix, ni 635, na tairi zake zipo kila soko, ila ni nzito na si za kasi. Fremu iwe nzuri vipi, ukikosa tairi umenunua pambo.

Kisha fremu. Ya chuma igeuze juu chini uangalie chini ya krenki, mahali maji hujikusanya. Kutu ya juu husuguliwa, kutu inayobonyea kwa bisibisi imekwisha kula chuma. Ya aluminiamu ipitishe kitambaa safi kwenye viungo vilivyochomelewa, kisha angalia kama kuna mstari mwembamba kwenye rangi. Huo ni ufa, na aluminiamu ikishaanza kupasuka haichelewi. Ya kaboni ya mtumba iache, isipokuwa una mtu anayeijua kwelikweli, maana ndani yake huwezi kuona.

Mnyororo pima kwa rula. Vipande 12 kamili, yaani pini ya kwanza hadi ya 25, vikiwa vipya ni milimita 304.8. Ukisoma 306 na ushee, badilisha mnyororo. Ukifika 308, mnyororo umekwisha kuchonga meno ya friwili. Utanunua vyote viwili, la sivyo mnyororo mpya utaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Hesabu gharama hiyo kwenye bei mnayopatana.

Inua kila gurudumu ulizungushe. Likiyumba upande mmoja zaidi ya milimita mbili tatu, fundi ataliweka sawa kwa kukaza spoku. Likikwaruza au kucheza kwenye habu, gololi zimekwisha, ambazo ni rahisi kubadilisha. Rimu yenyewe ikiwa imebonyea ndani kama kikombe kwa kuliwa na raba za breki, iache hapo hapo.

Jambo la mwisho ni vali. Tyubu nyingi za mbio zina vali nyembamba yenye kifuniko cha kufungua kwa vidole, na pampu ya fundi wa kijiweni mara nyingi haiipati. Nunua adapta ndogo ya shaba, uifunge kwenye funguo zako. Beba pia tyubu mbili za akiba, viplastiki vitatu vya kung'olea tairi na pampu ndogo. Presha: tairi ya milimita 25 kwa mtu wa kilo 70 ni kama psi 85 hadi 90, ya milimita 28 ni 75 hadi 80. Usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni. Tyubu ikitoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba, ujue ulipita shimo ukiwa na upepo mdogo, wala hakuna msumari wa kutafuta.

Ncha za usukani ziwe na vizibo. Waamuzi hukagua, na ncha iliyo wazi huweza kumtoboa mtu akianguka.

Tandiko

Simama bila viatu, kitabu kigumu kikibana juu msambani, pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 80, basi 70.6 ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya tandiko. Hapo ni pa kuanzia, kisha sogeza milimita 5 kwa wakati, si zaidi. Goti likiuma mbele, tandiko liko chini. Likiuma nyuma, au nyonga zikiyumba kushoto na kulia, liko juu. Mafundi wengi huliweka chini ili ufikishe miguu ardhini, kwa hiyo pima mwenyewe ukishatoka kwake.

Maji

Mazoezi ya msingi yafanyike kwenye bwawa. Lengo la wiki nne za kwanza ni mita 50 mara nane, ukipumzika sekunde 30 katikati. Ukizimaliza bila kuhema ovyo, geuza ziwe mita 100 mara sita, kisha 200 mara nne. Kosa la karibu kila mwanzilishi ni kubana pumzi. Hewa chafu inajaa kifuani, mwili unadhani unakufa, na mtu anasimama. Toa mapovu muda wote uso ukiwa ndani ya maji, kisha geuza kichwa uvute tu.

Baharini usiogelee peke yako, na kabla ya kutoka nyumbani uliza maji. Kwetu kupwa na kujaa hutenganishwa na saa sita na dakika chache, na ratiba husogea kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa bamvua, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Mkondo wakati huo ni mkali, hasa katikati ya saa hizo sita, na penye mlango wa mwamba maji yakitoka huchukua mtu kuelekea kilindini. Maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni siku nzuri zaidi za mazoezi. Nenda yakikaribia kujaa, fuata ufuo badala ya kuuacha mgongoni, na vaa kofia ya rangi kali ili wenye mashua wakuone. Kila baada ya mikono sita hadi nane inua macho tu, si kichwa kizima, uangalie alama yako. Kichwa kikipanda miguu inazama.

Walio Mwanza, Kisumu au Entebbe wana hatari nyingine: kichocho. Ziwa Viktoria linacho, na vimelea hupenya ngozi bila kuhisiwa. Tumia bwawa kwa mazoezi. Ukilazimika kuingia ziwani, kapime wiki sita hadi nane baadaye hata kama hujisikii vibaya, kwani mayai hayaonekani mapema. Na penye mamba au viboko hapana mjadala.

Wiki, na hamu inapopungua

Wiki ya kawaida ni mara mbili kwa kila mchezo, siku moja ya mapumziko kamili. Kuanzia wiki ya sita, kila Jumamosi shuka kwenye baiskeli ukimbie papo hapo dakika 10 hadi 20. Miguu itakuwa kama mbao mwanzoni, kwa sababu misuli imezoea kuzunguka ikiwa imekunjwa. Hupita baada ya kilomita moja, na ni lazima uijue hali hiyo kabla ya siku yenyewe.

Watu wanaoacha huacha kwa mtindo mmoja: wanakosa siku mbili, wanajaribu kuzifidia zote Jumapili, wanaumia. Siku iliyopita imepita, endelea na ya leo. Jisajili kwenye mashindano yenye tarehe, hata yawe ya klabu, maana mazoezi yasiyo na tarehe hayana haraka. Kila baada ya wiki nne pima mita 400 za kuogelea kwa saa ileile na uandike. Kupungua kwa sekunde 20 kutakuamsha saa 11 alfajiri kuliko maneno ya mtu yeyote. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga apunguze hadi dakika 30 au 40 za polepole muda mfupi kabla ya futari, au atoke baada ya tarawehe. Lengo mwezi huo ni kutopoteza, kuongeza kuje baada ya Idi.

Ukizidi saa moja juani, beba kinywaji cha nyumbani: lita moja ya maji, vijiko vitano vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu moja. Ndizi moja au tende nne tano ziongeze pale mazoezi yakirefuka.

Siku yenyewe

Panga vitu kwa mpangilio wa kuvivaa: helmeti juu ya usukani ikiwa wazi, mkanda wa namba ndani yake, viatu vimefunguliwa. Helmeti ifungwe kabla hujagusa baiskeli, na ibaki imefungwa mpaka umeitundika tena. Panda baada ya mstari, shuka kabla ya mstari. Kwenye mbio nyingi za wasio wa kulipwa hairuhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwenzako. Acha mita 10, na ukiamua kumpita umalize ndani ya sekunde 20. Vipokea sauti vya masikioni acha nyumbani.

Majini kaa pembeni na nyuma, usianze na kundi. Moyo ukipanda, geukia mgongo, hesabu pumzi kumi, endelea. Kilomita tano za kwanza za baiskeli zionekane rahisi mno kwako. Anayezichoma hutembea kwenye mbio za miguu.

Ukifika nyumbani, kabla ya kulala, mwagia baiskeli maji baridi ya bomba, kausha kwa tambara na utie mafuta mepesi kwenye mnyororo, tone moja kwa kila kiungo, kisha ufute yaliyozidi. Chumvi iliyotoka kwenye nguo zako na jasho la mikononi huanza kula boliti za usukani usiku uleule.