Rundo la mawe ndani ya viwanja: jinsi ya kulichimba kwa majaribio kabla greda halijafika

Mdogo wangu mmoja wa fani ya akiolojia amepewa kazi kwenye eneo linalokatwa viwanja nje ya Dodoma. Katikati pana tuta la mviringo lenye mawe juu, na mwekezaji anataka jibu moja tu: ni kaburi la kale au siyo? Niliyomweleza nayaweka hapa kwa wengine wanaotumwa kazi kama hiyo pande za Nala, Ihumwa au Mtumba.

1. Vibali na wazee

Bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale huchimbi, hata kama mwenye ardhi amekubali. Sheria ni ya mwaka 1964, na mwaka wake wa mpaka ni 1863: kilichotengenezwa kabla ya hapo ni mali ya kale. Cheti cha tathmini ya mazingira hakichukui nafasi ya kibali hicho.

Halafu mwone mwenyekiti wa mtaa, akupeleke kwa wazee. Usiwaulize "hapa pana kaburi?" Uliza nani alikaa hapa, tembe lake (nyumba ya paa la udongo) lilisimama wapi, nani alilima mwisho. Ukiambiwa ni kaburi la babu wa ukoo fulani, weka jembe chini. Hilo ni la Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na wenyewe wapo.

2. Msimu

Mei au Juni. Mvua zimekwisha, ardhi bado ina unyevunyevu. Ukisubiri Septemba, ule udongo mwekundu umeshakuwa zege na rangi za tabaka huzioni.

3. Jua kwanza unachimba nini

Hapa ndipo siku zinapopotelea, kwa hiyo nivumilie.

Tuta la Dodoma linaweza kuwa kichuguu. Linaweza kuwa tembe lililoanguka: paa lake la udongo likishuka juu ya kuta, linabaki tuta pana la chini, mara nyingi refu kuliko upana, lenye majivu, vigae vya vyungu na jiwe la kusagia lililovunjika. Linaweza pia kuwa mawe yaliyotolewa shambani. Linalosumbua kuliko yote ni mchanganyiko: mkulima hawezi kulima juu ya kichuguu, basi kila jiwe linalogonga jembe lake analitupa pale. Baada ya miaka mingi ukilitazama utaapa ni kaburi.

Mchwa hupandisha udongo laini na mchanga, hawapandishi jiwe la ukubwa wa ngumi. Kwa hiyo ondoa mawe ya juu kwenye kipande kidogo, uyachore kwanza, uone kilicho chini yake. Ukikuta udongo wa aina moja, mgumu, wenye vijia vya mchwa na bila jiwe hata moja, hicho ni kichuguu kilichovikwa mawe. Geuza na mawe yenyewe. Yale madoa ya kijivu na ya chungwa (kuvumwani) huota upande unaopata mwanga. Madoa yakiwa yameelekea chini au yamefichwa kati ya mawe, mawe hayo hayajakaa pale zamani sana. Kipande cha kiroba kilichobanwa chini kabisa nacho kinajieleza. Kaburi lililojengwa, kwa kawaida, lina mawe makubwa pembeni, yamezama kwenye ardhi ya zamani na kubanana.

Lakini usiseme rundo si kaburi kwa sababu tu chini ya mawe hukuona mfupa. Marehemu anaweza kuwa kwenye shimo lililochimbwa chini ya ardhi ya zamani. Endelea hadi kwenye mwamba uliooza (mwamba wa asili wa chini uliolainika), na utafute doa la udongo uliovurugwa.

Na mkaa usiuamini ukiwa peke yake. Mchwa na panya huushusha na kuupandisha. Sampuli ya kaboni 14 (kipimo cha umri wa mkaa) ichukue chini ya jiwe la pembeni ambalo halijasogea, si katikati ya udongo uliotoboka.

4. Mtaro

Upana wa mita 1, kutoka nje ya tuta kuelekea katikati. Robo tatu ya tuta iache nzima. Hili ni jaribio. Shuka sentimita 10 kwa 10, au fuata tabaka likionekana. Kwa usawa natumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi: hauhitaji betri na kibarua yeyote anaujua. Ukuta wa mtaro ukikauka, upulizie maji kwa bomba la mgongoni, lakini lisiwe lililobeba dawa ya wadudu.

5. Chekeche

Wavu wa milimita 5 kwa udongo wote. Kwa udongo wa chini ya mawe tumia wavu wa milimita 2, la sivyo shanga za ganda la yai la mbuni zinapita.

6. Mfupa wa mtu ukitokea

Simama. Funika, piga picha, ijulishe Idara na mwenyekiti siku hiyohiyo. Ukiwa na shaka kwamba ni wa karibuni, ita polisi. Usiunyanyue ili mwekezaji auone.

7. Kufunga

Tandika nailoni chini ya mtaro na sarafu ya mwaka huu juu yake, kisha fukia. Atakayekuja atajua ulipoishia. Ripoti iseme mambo mawili wazi: rundo ni nini, na eneo la kuacha wazi kulizunguka ni mita ngapi. Mipaka hiyo iingie kwenye ramani ya mpima ardhi. Vigingi na utepe visimikwe kabla greda halijashushwa, na dereva mwonyeshe wewe mwenyewe, si kupitia kwa msimamizi.