Amplifaya ya kujiundia: angalia umeme kwanza

Ukitaka kujiundia amplifaya ya spika za sebuleni, chagua aisii (chipu ya kukuza sauti) kulingana na umeme ulio nao, wati baadaye. Kwa betri ya sola ya volti 12, aisii ya TDA7297 inafaa sana: haihitaji transfoma, vipuri vyake ni vichache, na spika za omu 8 zinapata wati kama 6 kila upande, zinazotosha kabisa chumbani. Ila waya wa spika, hata ule hasi, usiguse graundi (upande hasi wa betri) kamwe, maana aisii hii inasukuma nyaya zote mbili. Mwenye umeme wa gridi achukue aisii ya LM1875 na transfoma ya 18-0-18, yaani yenye volti 18 kila upande wa waya wa kati. Mgongo wa LM1875 umeungana na umeme hasi, kwa hiyo weka maika (kipande chembamba kisichopitisha umeme) kati yake na hitisinki (chuma cha kupoza aisii).