Kutunza mashine ya kupiga makasia nyumbani, hasa ukikaa karibu na bahari

Majuzi niliitwa Mbezi Beach kutazama mashine ya kupiga makasia ambayo mwenyewe alishaikatia tamaa. "Fundi, imekuwa nzito, halafu inalia kama geti la godauni," mama mwenye nyumba akaniambia. Nikavuta mpini. Cheni ikatoka na unga mwekundu wa kutu, na juu ya reli ya kiti kulikuwa na kitu kama uji mweusi. Kumbe kijana wa nyumba alipaka reli mafuta ya kupikia ili kiti kiende vizuri, na cheni akaiacha kavu miezi yote hiyo. Amefanya kinyume kabisa, wala si yeye peke yake. Nusu ya mashine ninazoitiwa zina kosa hilohilo.

Nitaeleza zaidi mashine ya upepo ya cheni, mfano wa Concept2, kwa kuwa ndiyo ninayoishika mara kwa mara. Mashine yao ya kwanza ilitoka mwaka 1981 huko Vermont, Marekani, kwa mikono ya ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker, na moyo wake ulikuwa gurudumu la baiskeli lililofungwa vipande vya plastiki vya kukamata upepo. Kwa hiyo kama umewahi kukaa kibarazani kwa fundi baiskeli ukamtazama akifanya kazi, tayari unajua sehemu kubwa ya haya.

Andaa fulana mbili kuukuu za pamba, sponji ya kuoshea vyombo, sabuni ya maji kidogo, oili, bisibisi, elenki, brashi ya rangi ya inchi moja, na kipande cha plasta ya karatasi pamoja na kalamu. Plasta utaiona kazi yake mbele.

Hatua ya 1: Reli, kila unapomaliza mazoezi

Reli ni boriti ya alumini, na juu yake kuna utepe wa chuma kisichoshika kutu. Kiti kinabingirika juu ya utepe huo kwa vigurudumu vidogo. Sasa elewa hapa: kinabingirika, hakitelezi. Kigurudumu hakihitaji mafuta chini yake, kama vile tairi la gari lisivyohitaji mafuta barabarani. Ukipaka mafuta, vumbi linanasa, jasho linachanganyika humo, na ndani ya wiki mbili unapata ule uji.

Lowesha fulana kwa maji yenye sabuni kidogo, kamua, futa reli kutoka mbele hadi nyuma. Utaona mstari mweusi umehamia kwenye kitambaa. Huo ni wa kawaida, hata mashine mpya inautoa. Ukikuta umegandamana, tumia upande mgumu wa sponji ya vyombo taratibu. Usitumie steelwire ya kusugulia masufuria, wala jiki. Jiki inaharibu chuma hata kile unachoambiwa hakishiki kutu.

Mara moja kwa mwezi pindua macho chini ya kiti. Nywele, nyuzi za zulia na uchafu huzunguka kwenye vigurudumu. Ukisikia kiti kinagonga tak-tak-tak kila kikienda, usikimbilie kununua kiti kipya. Zungusha kila kigurudumu kwa kidole huku umekibana na kitambaa chenye unyevu. Mara nyingi ni punje moja tu ya uchafu iliyoganda.

Hatua ya 2: Cheni

Hapa ndipo nataka utulie. Maelekezo ya watengenezaji ni kupaka cheni oili kila baada ya saa 50 za matumizi. Piga hesabu: nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa mbili na nusu. Saa 50 zinafika baada ya wiki 20, karibu miezi mitano. Kwa mtu wa Dodoma sina neno. Lakini wewe wa Mbezi, Kigamboni, Nyali au Forodhani, ambaye dirisha likiwa wazi chumvi inaingia na kukaa hadi kwenye bawaba za mlango, miezi mitano ni mingi. Mimi huwaambia wateja wa pwani wapake kila mwezi, na wakati wa masika wasipitishe.

Oili gani? Ile nyepesi ya cherehani inafaa, na oili ya injini nayo inafaa. Kijiko kimoja cha chai kinatosha cheni nzima. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati zilizoganda usiitumie. Inasafisha, kweli, lakini inaondoka na mafuta yaliyokuwa ndani ya viungo, na baada ya siku chache cheni ni kavu kuliko ulivyoikuta. Grisi nayo hapana, inakamata vumbi.

Namna ya kupaka: mtu mmoja akae kwenye kiti, avute mpini hadi cheni iwe wazi kwa urefu wote, atulie hapo. Kwanza ipangushe kwa kitambaa kikavu mpaka kisitoe tena wekundu au weusi. Kisha mimina oili kwenye kitambaa, siyo kwenye cheni. Ishike cheni ndani ya kitambaa kama unavyoshika kamba ya kuanikia nguo unapoifuta vumbi, na upite nayo kutoka kwenye mpini hadi karibu na tundu inapoingilia. Vidole visifike kwenye tundu. Rudia upande wa pili. Mwambie mwenzako aurudishe mpini polepole na kuuvuta mara kumi hivi, halafu chukua kitambaa kikavu ufute tena. Oili inayobaki nje haina kazi. Inayotakiwa imeshaingia kwenye pini.

Wakati cheni inapita, itazame kwa ubavu. Kiungo kigumu hakinyooki vizuri, kinabaki kimekunja shingo. Kishike kwa mikono miwili ukipinde kidogo kushoto na kulia mpaka kilegee, kisha kipe tone la oili. Vikiwa viwili vitatu, sawa. Ile ya Mbezi ilikuwa na vigumu visivyohesabika, nikashauri cheni mpya.

Ukiwa hapohapo, angalia pale cheni inapoungana na mpini. Tundu likianza kuwa refu kama yai badala ya mviringo, badilisha hicho kipande. Kikikatika katikati ya mvuto utajikuta umelala chali sakafuni.

Hatua ya 3: Kamba ya mpira

Ndani ya reli kuna kamba ndefu ya mpira inayorudisha mpini. Jaribu hivi: uachie mpini polepole karibu na tundu la cheni. Ukifika wenyewe mpaka mwisho, achana nayo. Ukibaki unaning'inia, kamba imelegea na inahitaji kufupishwa kidogo kwa kufuata kitabu cha mashine yako, kwa sababu njia ya kuifikia hutofautiana toleo hadi toleo. Usiikaze kupita kiasi. Cheni ikivutwa hadi mwisho, kamba lazima ibaki na nafasi ya kutanuka zaidi, la sivyo itachoka mapema.

Na ukimaliza mazoezi, usiuache mpini kwenye ile ndoano usiku kucha. Urudishe hadi kwenye tundu ili kamba ipumzike.

Hatua ya 4: Vumbi ndani ya feni

Gurudumu linavuta hewa, na hewa ya kwetu haiji peke yake. Pitisha vakyumu juu ya zile tundu ndogo za kifuniko; kama huna, tumia brashi. Likiwa limejaa sana, fungua kifuniko kwa bisibisi, toa vumbi, rudisha. Kuna siku nilimtoa mjusi mkavu humo, na mwenye nyumba, mzee wa Upanga, akaapa ndiye aliyekuwa akimchelewesha mazoezini.

Utajuaje vumbi limezidi? Kidirisha cha mashine kina kipimo cha ukinzani wa hewa. Kwenye PM5, ambayo ni kidirisha cha Concept2, fungua "More Options", kisha "Display Drag Factor", uvute mara kadhaa. Fanya hivyo siku ambayo mashine ni safi, wenzo wa pembeni ya feni, ule wa kuongeza au kupunguza hewa inayoingia, ukiwa namba 5, na uandike namba utakayoiona kwenye ile plasta, uibandike chini ya reli. Kila mwezi pima tena wenzo ukiwa palepale. Namba ikishuka, njia za hewa zimeziba.

Ila usilinganishe miji. Mteja wangu alihamia Arusha, akanipigia analalamika namba imeshuka ilhali alisafisha kila kitu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar. Alihitaji kupandisha wenzo tu, na kuandika plasta mpya.

Hatua ya 5: Betri na mahali pa kuiweka

PM5 inatumia betri mbili kubwa, zile za tochi za zamani. Weka za alkalaini, na kama unasafiri mwezi mzima zitoe. Za bei rahisi zinavuja. Ukikuta unga mweupe wa alkalaini kwenye vyuma vya betri, chovya pamba kwenye siki kidogo, futa, kausha vizuri kabla ya kuweka nyingine.

Usifunike mashine kwa nailoni, inafungia unyevu. Shuka au kanga kuukuu inatosha.

Kama yako ni ya maji, ile yenye tangi la maji badala ya feni, shida yako ni mwani, siyo cheni: iweke mbali na jua la dirishani, na tumia vidonge vya kusafishia maji vilivyopendekezwa na mtengenezaji, maji yakianza kugeuka rangi. Ya sumaku inataka usafi wa reli tu na bolti zisilegee.

Sauti nazo zizoee. Mkwaruzo ndani ya feni, simama hapohapo uangalie kama kifuniko kimepinda. Mlio wa cheni, rudi hatua ya 2. Lakini ukivuta na mpini ukaja mwepesi kana kwamba haujashika kitu, halafu ukashika ghafla, hiyo ni beringi ya ndani inayozunguka upande mmoja. Hiyo usiifungue mwenyewe, niite.